Je, Anga Lina Mwenyewe?

Swali hili zamani lilikuwa la watoto. Mtoto akiuliza ni nani mwenye anga, mzazi humjibu kwamba ni la Mwenyezi Mungu, na mazungumzo huishia hapo. Jibu hilo ni la kweli hata leo. Lakini ardhi nayo ni ya Mwenyezi Mungu, na bado wanadamu hushtakiana mahakamani kwa ajili ya mpaka wa shamba; maji nayo ni Yake, na bado majirani hugombana kwenye mfereji. Kusema kwamba kitu ni cha Mungu hakutuondolei kazi ya kuuliza ni vipi wanadamu wanapaswa kukitumia kwa haki. Kazi yenyewe huanzia hapo.

Sasa swali hilo limelifikia anga lenyewe, kwa sababu ya setilaiti za intaneti zipitazo karibu na dunia. Wengi wamezisikia kwa jina tu, na wengine wamepata kuziona usiku, nukta za mwanga zikifuatana kama siafu. Yafaa basi kwanza tueleze ni vitu gani, na kwa nini ni vingi hivyo.

Kwa miaka mingi setilaiti za mawasiliano ziliwekwa mbali sana, kiasi cha kilomita 36,000 juu ya Ikweta. Huko setilaiti huzunguka sawasawa na mzunguko wa dunia, hivyo kwa mtu aliye chini huonekana kana kwamba imesimama mahali pamoja, na dishi likishaelekezwa halihitaji kuguswa tena. Tatu tu zatosha kuifikia karibu dunia yote. Kasoro yake ni umbali. Neno hutumia kama robo sekunde kupanda na kushuka, na jibu lake hutumia robo nyingine. Kwa kutazama televisheni si kitu, lakini kwa mazungumzo na kwa kazi nyingi za intaneti ni udhia. Ndipo wahandisi wakafikiri kuzishusha setilaiti hadi kiasi cha kilomita 550, ambako ucheleweshaji huo karibu hautambulikani. Lakini kitu kilicho karibu hivyo hakiwezi kuonekana kimesimama. Lazima kikimbie kwa mwendo wa kilomita zipatazo 27,000 kwa saa, ama sivyo kitaanguka. Huizunguka dunia yote kwa dakika 95 hivi, na mtu aliye chini huwa nacho juu yake kwa dakika chache tu. Ili huduma isikatike, ikizama setilaiti moja lazima nyingine iwe imekwisha kuchomoza. Hii ndiyo sababu ya wingi wake.

Na wingi huo umekuja kwa ghafula. Mwanzoni mwa mwaka 2019 setilaiti zote zilizokuwa zikifanya kazi, za mataifa yote pamoja, zilikuwa kama 2,000. Mwezi Mei wa mwaka huo kampuni ya SpaceX ya Marekani ilirusha 60 za kwanza za mtandao wake uitwao Starlink, zote kwa roketi moja. Na kufikia katikati ya mwaka 2025 mtandao huo peke yake ulikuwa na zaidi ya 7,000. Kampuni ya OneWeb ina zaidi ya 600. Amazon ilianza kurusha za mtandao wake mwezi Aprili 2025, ikikusudia zifike zaidi ya 3,000, na China nayo imetangaza mipango ya maelfu.

Sasa twende Bungu, katika milima ya Usambara, mkoani Tanga, kwa maana hoja kubwa ya wenye setilaiti ni watu wa mahali kama hapo. Nchi ya Usambara ni ya migongo na mabonde. Mawimbi ya simu husafiri kwa kunyooka. Mnara uliojengwa juu ya mgongo mmoja hauwafikii waliomo katika bonde la nyuma yake, hata kama ni mwendo mfupi kwa miguu. Kule chini katika tambarare ya Korogwe mnara mmoja waweza kuhudumia vijiji kadhaa, lakini mlimani watu wa idadi ile ile huhitaji minara kadhaa, na kila mmoja hudai barabara ya kupandishia vyuma, umeme na mlinzi. Mfanyabiashara akipiga hesabu, bonde huachwa. Wala jambo hili si la Usambara peke yake. Mwezi Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini Dodoma mikataba ya kujenga minara 758 vijijini kwa msaada wa fedha za umma. Na kama biashara peke yake ingaliweza kuwafikia watu wote, mikataba hiyo isingalikuwa na haja.

Wapo wasemao kwamba watu wa milimani waliishi karne nyingi bila ya intaneti, na hawakufa. Msomaji atazame ni nani asemaye hivyo: mara nyingi ni mtu ambaye yeye mwenyewe anayo. Matokeo ya mitihani ya taifa siku hizi hutolewa kwa intaneti. Mwanafunzi aombaye mkopo wa elimu ya juu huomba kwa intaneti, na tarehe ya mwisho ikipita haijali kama alikuwa akiishi bondeni. Mganga wa zahanati atakaye kumwuliza daktari wa hospitali kubwa juu ya mgonjwa wake, na mkulima atakaye kujua bei ya soko kabla hajauza kwa mchuuzi, wote wana haja iliyo ya kweli. Mtu aliyeshiba hana haki ya kumfundisha mwenye njaa adabu ya kula.

Hata wale walio na mkongo hawana salama kamili. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, iliharibika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopata taabu kubwa. Kazi za ofisi na za biashara zikasimama au zikajikokota. Siku zile setilaiti hazikuwa anasa kwa yeyote aliyekuwa nazo.

Basi na tukubali wazi kwamba haja ni ya kweli, na kwamba chombo hiki chaweza kuikidhi. Setilaiti haijui mgongo wala bonde. (Ingawa dishi lake hutaka anga lililo wazi, na katika bonde jembamba lenye miti mirefu mtu atashawishika kuikata miti, katika Usambara, ambayo misitu yake ndiyo chemchemi za mito yake, hilo nalo lifikiriwe.) Kukubali haja, hata hivyo, ni jambo moja. Kukubali yote yafanywayo kwa jina la haja hiyo ni jambo jingine, na hapa ndipo penye mushkili.

Tazama yaliyotokea Kenya. Starlink ilianza huduma nchini humo mwezi Julai 2023, na maneno yaliyosemwa sana yalikuwa ya vijiji vya mbali. Kufika Novemba 2024 kampuni ililazimika kuacha kwa muda kupokea wateja wapya katika Nairobi na kaunti za jirani, kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Yaani mahali palipojaa kwanza ni jiji, penye nyaya, minara na fedha. Hapana mtu wa kulaumiwa kwa kununua kile alichoweza kununua. Lakini jambo hilo latufundisha kwamba chombo kiwezacho kumfikia maskini hakimfikii kwa sababu tu kinaweza. Hufika alipo mwenye bei, isipokuwa pawe na amri au makubaliano ya kukipeleka kwingine.

Na njia zenyewe za setilaiti hizi zinasema jambo hilo hilo. Sehemu kubwa ya setilaiti za kwanza za Starlink ziliwekwa katika njia zilizoinama kiasi cha nyuzi 53 kutoka Ikweta. Kwa hesabu ya maumbile, setilaiti ya namna hiyo hukawia zaidi karibu na mwisho wa mwinamo wake, kaskazini na kusini, kuliko inapovuka katikati. Kwa hiyo zimesongamana juu ya latitudo za London na miji mingine ya kaskazini, na juu ya Bungu, iliyo kama nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, zimetawanyika zaidi. Mpango huo una maana ya kibiashara na hatusemi ni dhambi. Ila kila setilaiti kati ya hizo, katika kila mzunguko, lazima iivuke Ikweta mara mbili. Anga letu ni barabara yao bila ya hiari yetu, ilhali soko lao kubwa liko kwingine. Mtu ambaye shamba lake hupitiwa na njia ya wengine ana haki walau ya kuuliza ni nani aliyeipitisha.

Wazee wa Usambara walikuwa na fikra juu ya jambo linalofanana na hili, ingawa wao waliwaza mvua. Katika utawala wa Wakilindi, waliokaa Vuga, iliaminika kwamba mfalme ndiye mwenye mvua. Sisi hatuamini kwamba mwanadamu huleta mvua au huizuia, na msomaji asidhani kwamba twaipamba imani hiyo. Lakini ndani yake mlikuwa na mawazo ya utawala yaliyo mazito. Washambaa walitofautisha hali mbili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Nchi ilipona pale uwezo juu ya mvua ulipokuwa katika mikono ya mtawala mmoja aliyekubaliwa na watu, ambaye alipokea kodi yao na kwa hiyo alidaiwa nao mvua. Nchi iliharibika pale walipotokea wenye uwezo kadhaa wakishindana, hali iliyoitwa nguvu kwa nguvu; hapo kila mmoja huiharibu kazi ya mwenziwe, na njaa huwapata wakulima ambao hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Baada ya kufa kwa mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, nchi iliionja hali hiyo kwa miaka mingi, warithi wakipigana, na watu wa kawaida wakikamatwa na kuuzwa utumwani.

Tukilipima anga la leo kwa kipimo hicho, twaona makosa yote mawili kwa pamoja. Nguvu kwa nguvu ipo, kwa kuwa kampuni na dola zinakimbizana kujaza njia zile zile. Masafa ya mawimbi na njia za setilaiti huandikishwa katika Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, na kanuni yake kwa sehemu kubwa ni kwamba aliyetangulia kuandikisha ndiye apewaye kipaumbele, na ajaye baadaye lazima ahakikishe hamwudhi. Kanuni hiyo yaonekana ya haki mpaka uulize ni nani awezaye kutangulia. Mashindano ya mbio ambayo wengine wamepewa roketi na wengine hawana hata viatu si mashindano.

Na hatari yake si ya kubuni. Tarehe 10 Februari 2009, juu ya Siberia, setilaiti ya mawasiliano Iridium 33 ya Marekani iligongana na setilaiti ya Kirusi Kosmos 2251 iliyokuwa imekwisha kufa, kiasi cha kilomita 790 juu ya ardhi, na zote mbili zikawa maelfu ya vipande. Kila kipande hukimbia kwa mwendo ule ule wa kutisha, na chaweza kuivunja setilaiti nyingine ambayo nayo itatoa vipande vyake. Mwaka 1978 wanasayansi wawili wa Marekani, Donald Kessler na Burton Cour-Palais, walikwisha onyesha kwa hesabu kwamba vitu vikizidi kiasi fulani, migongano itazaa migongano hata kama hakuna mtu arushaye kitu kipya. Hapo njia hizo zitafungika kwa wote, pamoja na taifa ambalo halijapata kurusha hata setilaiti moja. Hiyo ndiyo kubana shi, isipokuwa kwamba nchi iharibikayo iko juu ya vichwa vyetu.

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza, nalo ni uwezo kuwa wa mtu mmoja ambaye hakukubaliwa na watu wala hadaiwi nao kitu. Mwezi Septemba 2023 mwenye kampuni ya SpaceX, Elon Musk, alieleza hadharani kwamba katika vita vya Ukraine aliombwa aifungue huduma ya Starlink hadi Sevastopol, katika Crimea, naye akakataa. Huenda alikuwa na sababu njema. Wapo waliomsifu na wapo waliomlaani. Swali letu si kama aliamua vema. Swali ni kwamba jambo la vita na amani liliamuliwa na mtu mmoja asiye mfalme, asiye rais, wala asiyechaguliwa na yeyote kati ya wale ambao jambo lenyewe liliwagusa. Mfalme wa Vuga mvua ilipokosekana aliulizwa na watu wake. Huyu ataulizwa na nani wa Bungu, na kwa mlango gani?

Hapa wengine watasema kwamba sisi Waafrika tunalizungumza anga la watu wengine. Hawajui historia. Kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti tangu mwaka 1967, kwa kuwa karibu na Ikweta dunia yenyewe huisukuma roketi kwa mzunguko wake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya ukumbusho wa uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kisayansi ya Marekani, na kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota. Ilizunguka kiasi cha kilomita 550 juu, yaani karibu na mahali pale pale zinapopita Starlink leo. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Mwezi Aprili 1979 Uhuru ilianguka katika hewa na kuteketea. Ilichukua nafasi ndogo, ilifanya kazi iliyojulikana, elimu yake ikachapishwa kwa kila atakaye kusoma, kisha ikaondoka. Hatusemi kwamba wavuvi wa Ngomeni walitajirika kwayo, maana hawakutajirika. Lakini ni mfano wa kulitumia anga bila ya kulikalia.

Miaka sita baada ya kurushwa kwa Uhuru, mwezi Desemba 1976, Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi nane za Ikweta zilizotia saini Azimio la Bogota. Azimio hilo lilidai kwamba ile njia ya mbali ya kilomita 36,000, ambamo setilaiti huonekana zimesimama, ni mali ya nchi zilizo chini yake. Mataifa mengine yalikataa, yakitaja Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 usemao kwamba hakuna taifa liwezalo kulimiliki anga hilo. Kwa maoni yetu walioandika azimio walikosea katika dai lao, kwa kuwa mnyang'anyi hazuiliwi kwa kujifanya mnyang'anyi wa pili. Lakini katika hofu yao hawakukosea. Waliona kwamba nafasi zitajazwa na waliotangulia, na kwamba maneno mazuri ya kutomiliki yaweza kuwa pazia la kumiliki kwa vitendo. Na kelele zao hazikupotea bure: mwaka 1988 ITU ilipitisha mpango ambao kwa sehemu fulani ya masafa uliihifadhia kila nchi, tajiri na maskini, walau nafasi moja katika njia ile ya mbali. Kwa njia za chini, ambazo ndizo zinazojazwa sasa, hapana akiba ya namna hiyo.

Kuna jambo jingine lililotokea karibu nasi. Tarehe 30 Desemba 2024, katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya, ilianguka kutoka juu pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo kama 500. Shirika la anga la Kenya lilieleza kwamba ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Kwa rehema za Mungu haikumpiga mtu. Upo mkataba wa mwaka 1972 usemao kwamba nchi iliyorusha kitu italipa madhara kitakayoleta ardhini, bila ya mdai kulazimika kuonyesha uzembe. Setilaiti ya Kirusi Kosmos 954 ilipoanguka Canada mwaka 1978 na kutawanya mabaki ya kinuklia, Canada ilidai dola zake zipatazo milioni 6, na mwaka 1981 ikakubali kulipwa milioni 3. Canada ilikuwa na mawakili, ndege na vyombo vya kutafuta mabaki. Mtu wa Mukuku ana jembe na ushahidi wa macho yake, na dai lake haliwezi kwenda isipokuwa serikali yake ilibebe.

Sheria ya Kiislamu, katika nchi kavu ambako kisima ni uhai, ilimpa aliyechimba haki ya kutangulia kunywa na kunywesha mifugo yake, lakini ikamkataza kuyazuia maji yaliyobaki yasiwafikie wengine. Hata asiye Mwislamu ataiona busara ya hukumu hiyo. Haikuudharau utangulizi wala jasho la mchimbaji. Ilikataa tu kwamba utangulizi ugeuke kuwa ufalme. Kadhalika anayerusha setilaiti ametumia akili na mali, naye anastahili faida. Lakini njia aipitiayo hakuichimba yeye. Ameikuta, na ataiacha. Kitu cha namna hiyo mikononi mwa mtu huitwa amana, na mwenye amana hudaiwa kuirudisha ikiwa nzima.

Sasa tufike kwenye swali ambalo msomaji wa Bungu ana haki ya kutuuliza: je, mwalimu anunuaye dishi ili shule yake isome, au mwenye duka, au zahanati, anashiriki katika makosa haya? Tunajibu kwamba hashiriki kwa kununua. Yeye hakuijaza njia, hakuandika kanuni, na haja yake ni halali kama ya mtu wa Nairobi au wa London. Haja hiyo yampa haki ya kutumia. Lakini haja ya mtu wa Bungu haimpi mwenye roketi haki ya kumiliki. Watu hawa wawili huchanganywa kwa makusudi: kila aulizapo mtu juu ya vipande viteketeavyo, au juu ya anga la usiku, au juu ya nani atakata huduma na lini, huonyeshwa picha ya mtoto wa kijijini akisoma, kana kwamba kuuliza ni kumpokonya kitabu. Huo ni udanganyifu wa hoja, na mtoto huyo hakuombwa ruhusa picha yake itumiwe hivyo. Mtumiaji anao wajibu mmoja, nao ni kutokubali kufanywa ngao.

Na anga la usiku tulilolitaja si jambo la wenye darubini peke yao, ingawa wao wamelia kwanza, kwa kuwa setilaiti zing'aazo huacha michirizi katika picha zao za nyota. Waswahili waliliita kundi moja la nyota Kilimia, neno litokanalo na kulima, kwa sababu kulitazama kulimjulisha mkulima majira yake. Na manahodha wa pwani walikwenda na kurudi kwa nyota. Milimani, ambako taa za mjini hazijafika, anga hilo bado ni safi kuliko la watu wengi wa dunia. Mtu anayeishi chini yake huenda asilihesabu kuwa mali, kwa kuwa hakulinunua. Lakini akiambiwa kwamba litabadilishwa sura, na kwamba waliokubali ni maofisa wa nchi nyingine, ana haki ya kushangaa.

Basi ni wapi pa kusemea? ITU ina mikutano yake mikuu ya masafa kila baada ya miaka mitatu au minne. Ule wa mwaka 2023 ulifanyika Dubai. Huko kila nchi mwanachama ina kura moja, na kura ya Tanzania ni sawa na ya Marekani. Kuna mambo yanayoweza kudaiwa huko na kwingineko, nayo yanajulikana. Setilaiti iliyokufa ishushwe upesi: Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliamua mwaka 2022 kwamba zishushwe katika muda wa miaka 5 baada ya kumaliza kazi, badala ya 25 ya zamani, lakini uamuzi huo huwafunga tu wale waombao leseni yake, na setilaiti zizungukazo kilomita 1,200 juu, zikifa bila kushushwa, zitabaki huko kwa karne nyingi. Nchi zisizo na roketi zihifadhiwe sehemu katika njia za chini, kama zilivyohifadhiwa katika ile ya mbali mwaka 1988. Na kila serikali itoapo leseni inaweza kuandika ndani yake kwamba nafasi kadhaa ni za shule na zahanati za mahali kama Bungu kwa bei wanayoiweza, kabla jiji halijazimaliza, na kwamba huduma haitakatwa kwa neno la mtu mmoja aliye ng'ambo. Wajumbe waendao katika mikutano hiyo hutoka katika ofisi zenye mkongo. Wabunge wao, hata hivyo, hupanda mlima kuomba kura, na siku hiyo mambo haya yanaweza kuulizwa kwa sauti, mbele ya watu, kama yaulizwavyo ya barabara na maji.